Nyasi za Upande Wetu

Siku Mambu alipokuja kwetu kusema anamtaka binti yangu, nilimwaga maji ya kuoshea viazi pale mlangoni, karibu kabisa na miguu yake, nikajifanya sikumwona. Akaruka pembeni. Kisha akacheka, na mimi nikamchukia zaidi kwa sababu kicheko chake kilikuwa kizuri.

“Za asubuhi, mama,” akasema.

“Zahanati iko kule chini. Hapa hakuna mgonjwa.”

“Mgonjwa ni mimi, mama.”

Nikamsikia Kesiro jikoni akijiziba mdomo asicheke. Hapo nikajua. Miezi yote ile niliyodhani mwanangu anachelewa shuleni akisahihisha madaftari, kumbe daftari lenyewe lilikuwa na mabega mapana.

Nakuandikia wewe mwenzangu uliye na binti mkubwa ndani ya nyumba. Usisome haya kama habari za watu wengine. Soma huku unamsikiliza binti yako anavyoimba akiosha vyombo, ujiulize anamwimbia nani, na ukishajua, tafadhali usifanye nilichofanya mimi.

Mambu alikuwa mhudumu wa afya wa shirika. Shirika hilo ndilo lililotujengea zahanati ya mbao na shule ya vyumba viwili hapa Tewenok, ambako barabara haijafika na wala haitafika nikiwa hai. Dawa, chaki, vitabu, sabuni, hata kengele ya shule, vyote vilishuka na ndege yao ndogo. Kesiro wangu alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Mambu akiwachoma sindano walikuwa wanakimbilia darasani kwa Kesiro kubembelezwa, na yeye Mambu anawafuata nyuma eti kuomba radhi. Aliomba radhi sana mwaka ule.

Mume wangu, Tombin, alikuwa amekaa kwenye gogo akipasua popoo na kuzitafuna. Akamsogezea mgeni nafasi.

“Sema, dokta. Huyu mama usimjali, moshi umemwingia machoni.”

“Nimekuja peke yangu kwanza, baba, kabla ya wazee wangu. Sitaki waje na nguruwe wao wa mahari halafu warudi nao kwa aibu. Nataka kujua kama njia ipo.”

“Haipo,” nikasema.

“Mama Kesiro!” Tombin akanikaripia.

“Nimesema haipo! Muulize huyo, mdogo wangu Oret yuko wapi?”

Tombin akaacha kutafuna. Oret aliolewa ng’ambo ya korongo, kwa watu wa Tapmat, ukoo wa Mambu huyu huyu. Uzazi wake wa kwanza ulimshinda kule. Siku mbili alilia, na wao wakakaa wanangoja maji ya korongo yapungue ndipo watuite. Walipotuita, walituita kuja kulia.

Mambu hakuinamisha kichwa kama nilivyotaka. Alinitazama usoni.

“Nilikuwa na miaka saba, mama. Mama mdogo Oret alikuwa ananichomea viazi kwenye majivu. Nilimsikia siku zote mbili. Unadhani kazi hii nilijifunza kwa sababu gani?”

“Usilitaje jina lake.”

“Nisipolitaja mimi, kule kwetu nani atalitaja?”

Kesiro akatoka jikoni na bakuli la magimbi. Akaliweka mbele ya Mambu, akachelewa kuliachia. Mambu naye akalishika, akachelewa kulichukua. Wakatazamana juu ya bakuli lile kama watu waliosahau kuwa wana wazazi. Mimi mwanamke niliyezaa naijua ile namna ya kutazama, nilitazamwa hivyo mara moja zamani. Badala ya kuona huruma niliona korongo, nikaona machela, nikamwona Oret.

“Kula uende,” nikamwambia.

Siku ile ile, tukichimba viazi, nikamwambia Tombin, “Usikate.”

“Nisikate nini?”

“Nyasi. Wewe na ndugu zako.”

Hapo sina budi nikueleze. Kiwanja chetu cha ndege kiko mteremkoni. Nusu ya juu ni ardhi yetu, watu wa Gwarak. Nusu ya chini, mpaka ng’ambo ya korongo, ni ya Tapmat. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, kila ukoo unafyeka nusu yake, na panga lako halivuki hatua moja kwenda kwa mwenzako. Kwetu sisi kufyeka nyasi za mtu ni kusema ardhi yake ni yako, na wako waliouawa kwa kusema hivyo. Nyasi zikipita kifundo cha mguu, ndege haitui.

“Ndege isipotua, dawa haziji,” nikamwambia. “Dawa zisipokuja, hapa hana kazi, shirika litamhamisha. Si walimhamisha yule mwalimu wa ng’ambo ya mlima?”

“Na sisi tukiumwa?”

“Tuliumwa kabla ya shirika kuzaliwa.”

“Mke wangu, hilo ni jambo kubwa.”

“Binti yako ni jambo dogo?”

Tombin si mtu mbaya. Ni mtu anayechoka kubishana. Na ndugu zake walikuwa na kinyongo chao cha siku nyingi, kwamba zahanati imejengwa upande wa Tapmat. Hawakuhitaji kusukumwa. Alhamisi ilipofika watu wa Tapmat wakafyeka nusu yao wakiimba, na wa kwetu wakakaa kwenye nyasi zao wanavuta tumbaku.

Mambu akapanda mpaka mpakani, akasimama na mguu wake karibu na majani yetu, akaupima.

“Yamepita kifundo, baba zangu.”

Bibi Banabi wa kwetu, asiye na meno wala aibu, akapiga kelele, “Dokta, mguu wako mrefu mno, huo hauhesabiki! Njoo upime kwa wangu!”

“Wa kwako, bibi, nikiupima nitaambiwa nimeposa.”

“Posa! Mimi sina mama wa kukumwagia maji!”

Watu wakaangua kicheko, hata wa kwetu. Mimi sikucheka. Kesiro alikuwa ametoka darasani na panga la bustani ya shule. Akapita katikati ya baba zake, akainama, akaanza kufyeka. Alifyeka kipande kama cha mkeka mmoja hivi. Tombin akaenda, akamshika mkono.

“Lete panga.”

“Baba, niache.”

“Wewe ni binti. Ukikata hapa unakata kwa niaba ya nani? Sisi tumekaa, wewe unakata, watu watasema nini?”

“Watasema ndege itatua.”

“Lete panga, Kesiro.”

Akalitoa. Hakumtazama baba yake, alinitazama mimi niliyekuwa nyuma kabisa, kwenye vivuli vya miti ya mikadi.

“Ni wewe,” akasema, basi.

Redio ya upepo ilikuwa pale shuleni, na Kesiro ndiye aliyekuwa anaisemea. Kila siku saa moja asubuhi shirika huita kutoka pwani, kijiji kimoja kimoja, na kuuliza mvua, mawingu na nyasi. Nilikuwa nikipita na mkoba wangu wa viazi namsikia anajibu. Wiki ya kwanza, “Nusu ya juu imepita kifundo.” Wiki ya nne, “Nusu ya juu, nusu ya goti.” Wiki ya saba, “Goti.” Na kila mara sauti ya pwani inasema, “Pole, Tewenok, wiki hii tunawapita.” Mimi naendelea na njia yangu. Nilikuwa nashinda.

Wiki ya nane kifaduro kikaingia shuleni.

Wewe uliyesikia mtoto akikohoa mpaka anageuka rangi, akavuta pumzi ile yenye mlio, huna haja ya kuelezwa. Kabati la zahanati lilikuwa na bendeji na mkasi. Mambu akasema atashuka pwani kwa miguu, alete dawa na chanjo mgongoni.

Nilikuwa bustanini nyuma ya shule walipoagana. Sikujificha, lakini pia sikukohoa kuwaambia nipo.

“Siku ngapi?” Kesiro akauliza.

“Tatu kushuka. Nne kupanda, nikiwa na mzigo.”

“Na kungoja huko?”

“Hilo sijui. Chanjo zinakuja na meli.”

“Tunakwenda wote.”

“Na watoto unamwachia nani? Anayekohoa akalishwe, asilazwe. Maji kidogo kidogo. Nani atakaa nao?”

“Ukianza kuongea kidokta nakuchukia.”

“Basi niongee kijinga. Sijui hata nitalalaje huko, Kesiro. Nimezoea kila siku nasikia kengele yako.”

 Nilipoinua kichwa nikaona amemvisha shingoni mkoba wa kamba, mpya, wenye mistari myekundu ya Gwarak. Mwenzangu, mkoba wa namna ile kwetu mwanamke hamfumii rafiki. Unafumwa miezi, na unafumiwa mume. Nyumbani sikuwahi kumwona akiufuma hata uzi mmoja. Nikaelewa kwamba mimi nabishania mahari wakati ndoa imeshapita mbele ya macho yangu.

“Mama yako atauona,” Mambu akasema.

“Auone.”

“Asije akakupiga.”

“Hanipigi. Angekuwa ananipiga ningejua la kufanya.”

Mambu akacheka kidogo, kisha sauti yake ikabadilika. “Kesiro. Kuhusu redio. Usije ukamdanganya rubani, hata siku moja. Hata nikiwa mimi ndiye ninayengoja ndege. Yeye huko juu anaona kijani tu, anayajua majani kwa maneno yako.”

“Kwa nini unaniambia hayo sasa?”

“Kwa sababu utatamani.”

Akaondoka. Kesiro alisimama pale mpaka mkoba mwekundu ukawa mdogo kama ua, halafu ukaingia msituni. Aligeuka, akaniona na jembe langu. Nilidhani atanitukana, na ningemshukuru. Alipita tu.

Mambu alikaa huko pwani wiki tatu. Katika wiki hizo tulimzika mtoto mmoja, mjukuu wa Bibi Banabi, mtoto wa ukoo wangu. Bibi yule wa vichekesho alikaa kaburini ameshika kiatu kimoja cha plastiki. Kesiro aliwakalisha wengine, aliwanywesha, alilala akiwa ameegemea ukuta wa darasa na watoto wawili kifuani, akakonda mpaka shingo ikawa kama ya kuku. Nilimpelekea chakula. Alikula. Alisema, “Asante.” Na mimi, baada ya kaburi lile, bado sikumwambia Tombin akate. Andika hilo moyoni mwako, mwenzangu. Mtu akishaanza kushikilia neno lake, hata kaburi analipita.

Mambu akarudi na sanduku la baridi mgongoni, ngozi ya mabega imechubuka. Hakuoga, hakula. Aliita watoto wote, wa Tapmat na wa Gwarak, akawapanga foleni moja.

“Wa Gwarak watangulie,” akasema. “Wao wamenisubiri na nyasi zao.”

“Dokta una maneno!” kaka wa Tombin akasema, anaona haya, amembeba mwanawe.

“Sina maneno, baba mkwe. Mshike mkono vizuri.”

Baba mkwe! Alilisema mbele za watu, na hakuna aliyelikataa. Kesiro alikuwa anaandika majina, nikaona kalamu imesimama, na uso wake wote, ule uliokonda, ukawaka. Ilikuwa furaha yao ya mwisho mbele za watu na mimi niliitazama kama mtu anayetazama moto unakaribia paa lake.

Usiku ule Tombin akaniambia, “Tukate sasa. Kijana amefanya vya kutosha.”

“Ngoja.”

“Ningoje nini tena?”

“Redioni wamesema ndege ikikosa kutua mpaka mwisho wa mwezi, wanamhamisha. Zimebaki siku kumi na tatu. Ngoja siku kumi na tatu tu, Tombin, halafu kata mpaka uchoke.”

Akangoja.

Siku ya kumi na moja Mambu alianguka akiwa anafagia zahanati. Sisi wa milimani mbu wa pwani hajatuzoea, na sisi hatujamzoea. Alikuwa ametoka na malaria huko chini, ikamlalia kimya mwilini siku zote hizo, ikaamka kwa pamoja. Vidonge vichache vya homa vilivyopatikana majumbani alipewa, akavitapika. Mgongo wake ulikuwa umebeba dawa za watoto. Za kwake hazikupata nafasi.

Wakambeba kwa machela mpaka kwenye baraza ya shule, kandokando ya kiwanja, wakamlaza kwenye kivuli. Kesiro akaingia redioni. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Ndege ilikuwa angani, inatoka kijiji kingine, ingefika kwetu kabla ya adhuhuri.

“Nyasi?” pwani ikauliza.

“Tunafyeka. Ova.”

Akatoka nje, akasimama kwenye ngazi.

“Mmesikia,” akasema.

Sikumbuki nilikimbiaje. Nakumbuka panga la Tombin mkononi mwangu na majani mabichi yananigonga mapajani. Watu wa Gwarak wote waliingia, wanaume, wanawake, hata Bibi Banabi anang’oa kwa mikono. Lakini nyasi za wiki kumi na mbili si nyasi tena, ni ukuta. Zikilowa mvua panga linateleza. Na ukishazikata lazima uzibebe, uzitoe, la sivyo gurudumu linazama humo humo.

Watu wa Tapmat walipanda mbio kutoka chini, mapanga mkononi, kama watu hamsini. Walipofika mpakani wakasimama.

Wakasimama, mwenzangu! Mtoto wao yuko kwenye machela, anaonekana kutoka pale, na hawawezi kuinua mguu. Mama yake Mambu alikuwa mbele kabisa, vidole vya miguu viko kwenye majani mafupi, ukuta wa majani yetu uko mbele ya magoti yake.

“Tombin!” akaita. “Tombin, sema neno!”

Tombin akainuka. Kaka yake akamshika bega. “Ukisema wavuke, umewapa ardhi. Watoto wetu watakuja kuuliza.”

“Kijana anakufa.”

“Na ardhi inakufa. Subiri wazee waseme.”

Wakaanza kubishana. Yupi ana haki ya kusema, yupi hana, babu gani alipanda mkadi gani. Jua linapanda. Nikamwona Tombin ananitafuta kwa macho, kama anavyofanya siku zote jambo likimzidi. Ningeweza kusema. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nilikuwa namtazama mama yake Mambu, na badala yake nawaona wale waliokaa siku mbili wakingoja maji ya korongo yapungue, na nikafikiri, sasa mnajua. Wazo hilo lilipita kichwani kama ndege anavyopita dirishani, halafu nikaona aibu.

“Waite!” nikapiga kelele. “Tombin, waite wavuke!”

“Vukeni!” Tombin akapaza sauti. “Vukeni! Kateni! Ardhi tutaongea kesho!”

Wakaingia kama maji. Na papo hapo tukasikia ndege.

Nikatupa panga, nikakimbilia shuleni. Mambu alikuwa amefumbua macho kwa ule mlio. Kichwa chake kiko juu ya mkoba mwekundu.

“Imetua?” akauliza.

“Bado,” mama mmoja aliyekuwa anampepea akamjibu.

Ndani, Kesiro ameshika kile kidude cha kusemea kwa mikono miwili.

“Tewenok, Tewenok, niko juu yenu,” rubani akasema. “Naona watu wengi kiwanjani. Nyasi zikoje? Ova.”

“Sema fupi!” nikamwambia. “Kesiro, mama, sema fupi!”

Akanigeukia. Tangu siku ile ya panga hakuwahi kunitazama usoni. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini uso wenyewe umetulia kama wa mtu anayesoma ubao.

“Tewenok, nasubiri. Nyasi?”

“Mwanangu, nakuomba! Mwambie fupi! Atashuka, akishashuka ameshashuka!”

Akabonyeza.

“Nusu ya chini fupi,” akasema. “Nusu ya juu, sehemu kubwa bado imepita goti. Zilizokatwa hazijatolewa. Zimelowa. Ova.”

 Ndege ikazunguka mara ya kwanza, ikazunguka mara ya pili, chini kabisa, nikaona kichwa cha rubani dirishani.

“Mgonjwa yukoje, mwalimu?”

“Anakuja na kupotea. Ova.”

“Mwalimu, nikitua hapo nitapinduka. Mawingu yananifungia. Maliza nyasi, kesho alfajiri nitakuwa hapo. Samahani sana. Ova.”

“Kesho alfajiri. Nimesikia. Ova.”

Mlio ukapungua, ukaenda, ukawa nzi, ukaisha. Kesiro akatoka, akapiga magoti kando ya machela.

“Umemwambia kweli?” Mambu akauliza. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

“Nimemwambia.”

“Vizuri, mwalimu.”

“Nyamaza upumzike.”

“Piga kengele kidogo.”

Akaipiga. Watu waliokuwa kiwanjani wakainua vichwa, wakadhani ni ishara ya jambo fulani, wakaongeza mbio. Aliipiga polepole, mkono mmoja kwenye kamba, mkono mwingine kwenye kifua chake Mambu. Tuliendelea kufyeka. Jua likiwa limeinama, Bibi Banabi akiwa anabeba mzigo wa mwisho wa majani, kengele ikanyamaza. Kiwanja kilikuwa kimesafishwa chote, hakuna jani la kuficha panzi.

Ndege ilitua alfajiri kama ilivyoahidi. Ilishuka vizuri sana. Haikurukaruka hata kidogo.

Kesiro alikuwa anaingojea, mkoba mwekundu begani, gauni lake la kufundishia. Nikamshika mkono.

“Unakwenda wapi?”

“Pwani. Shirika wanataka mtu wa redio.”

“Hujamaliza matanga.”

“Nitayamalizia huko.”

“Nipige, Kesiro. Nitukane hapa mbele za watu.”

“Mama, niachie mkono.” Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. “Nikikaa hapa nitakuwa nakutazama kila siku. Sitaki kujua nitakutazama mpaka lini.”

Nikauachia.

Umepita mwaka na miezi. Nilikuwa namlinda, mwenzangu, na hilo sikudanganyi. Nilitaka asivuke korongo, asije akafa mbali na mimi. Sasa yuko hai, ana afya, na hayuko. Ukiwa na binti na mtu amekuja mlangoni, mmiminie chai. Mchunguze, muulize, bishana naye mchana kutwa, lakini usimkomoe kwa kitu ambacho watu wengine wanapona nacho.

Ile mipaka ya kiwanja siku hizi hakuna anayeitazama. Tapmat wanakata, Gwarak wanakata, na kipande kile cha mkeka mmoja alichoanza Kesiro nakikata mimi mwenyewe kila Jumatano, hata kama hakijaota. Mwalimu mpya ni mtoto wa mjini, redio inamtia hofu, kwa hiyo nilijifunza mimi. Saa moja asubuhi nakaa kwenye benchi la watoto, nangoja zamu ya kijiji chetu.

“Tewenok, Tewenok.”

“Tewenok yupo. Ova.”

“Mvua?”

“Hakuna.”

“Mawingu?”

“Kileleni tu.”

“Nyasi?”

“Chini ya kifundo, pande zote mbili. Ova.”

“Asante, Tewenok.” Kisha anaita kijiji kinachofuata.

Jumatatu iliyopita nilishindwa. Alipouliza nyasi, nikasema, “Fupi, mwanangu. Fupi kabisa.”

 Vijiji kumi na saba vinasikiliza redio ile. Nikasikia pumzi yake, ikaingia, ikatoka.

“Tewenok,” akasema, “rudia urefu wa nyasi. Ova.”

“Chini ya kifundo,” nikarudia.